Mshenga wa Kocha

Ijumaa moja baada ya sala, katika mgahawa mdogo nyuma ya barabara ya Al Rigga, Baraza Kuu la Mashabiki wa Tende liliketi kumhukumu kocha. Liliketi kwa taadhima yote inayostahili jambo zito kama hilo. Viti vya plastiki viligeuzwa vikatazama upande mmoja, runinga ikanyamazishwa, na mhudumu akaombwa asilete chai ya karak mpaka hukumu ipite. Ombi hilo la mwisho mhudumu alilipuuza, na kila mjumbe akamshukuru kimoyomoyo.

Tende ni timu ya Chuo cha Ufundi cha Nakhla, kule Dubai Investments Park, katikati ya maghala na viwanda, ambako vijana hufundishwa kutengeneza viyoyozi, kusimamia bohari na kupokea wageni hotelini. Nakhla kwa Kiarabu ni mtende, ndipo jina la timu lilipotoka. Wapinzani walikuwa wameshalitungia wimbo: "Tende zimeiva, zinaliwa!" Na kweli zililiwa. Tangu ligi ya vyuo ianze, Tende hawakuwa wameshinda mechi yoyote. Sare waliwahi kupata, lakini siku hiyo nusu ya wachezaji wa upande wa pili walikuwa wamekwama kwenye foleni ya kutoka Sharjah.

Bwana Thuwein alikaa pembeni, karibu na friji ya soda, mahali anapokaa mtu anayetaka kusahauliwa. Alikuwa mfanyabiashara wa viungo kule Al Ras, mtu wa makamo, mpole, ambaye akikaa karibu nawe huhitaji kuuliza anauza nini, maana kanzu yake yote hunukia iliki. Alikuwa na sababu ya kujificha: yeye ndiye aliyemleta kocha.

Habari yenyewe ni fupi. Onesmus, kijana wa Kitale, alikuwa mlinzi wa jengo analoishi Thuwein. Kila akimaliza zamu aliwakusanya watoto wa jengo kwenye maegesho, akawafundisha kupasiana mpira katikati ya magari bila kugusa kioo cha mtu. Thuwein alitazama kutoka roshani, akavutiwa, akauliza, akaambiwa jamaa ana cheti cha ukocha alichokipata kwao. Basi akaenda chuoni kwa Dokta Aseel, mkuu wa chuo, akamsifia Onesmus kwa maneno ambayo kwa kawaida watu huyaweka kwa ajili ya kuposa. Chuo kikakubali. Viza ya ulinzi ikabadilishwa, kocha akapewa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, na mkewe Annah, msafishaji wa vyumba hotelini aliyekuwa akilala bweni moja na wanawake wenzake, akahamia kwa mumewe. Kwa mara ya kwanza tangu wafike Dubai, wakala chakula cha jioni pamoja.

Hayo yote Thuwein aliyajua, na aliyajua pia kinyumenyume: kocha akifukuzwa, viza inafutwa, chumba kinarudi chuoni, Annah anarudi bwenini na Onesmus anarudi Kitale.

"Mimi sina chuki na mtu," alianza Marwan, na wote wakajua chuki inakuja. Marwan alisoma hapohapo Nakhla, na sasa ni fundi wa viyoyozi mwenye gari na wafanyakazi wake. Alisimama na kidole juu. "Lakini kila tukifungwa, tukimuuliza kocha, jibu ni lilelile: tunajenga. Jamani! Mji huu mzima umeshajengwa, maghorofa yako mawinguni, sisi peke yetu bado tunachimba msingi!"

Mgahawa ukaangua kicheko. "Khalas, aende!" mtu akapaza sauti huko nyuma.

"Wasee, tulieni," alisema Ronny, Mkenya mlinzi wa hoteli, ambaye ndiye mpiga ngoma wa mashabiki. "Huyo jamaa anajua boli. Si mnaona vile vijana wanapasiana siku hizi?"

"Wanapasiana mpaka golini kwao!" Marwan alimkata.

Bi Kuruthum akakohoa. Kikohozi kilikuwa kidogo, lakini mgahawa ulinyamaza kama bweni lililosikia viatu vya mwalimu wa zamu. Bi Kuruthum ndiye mwenyekiti. Aliletwa Dubai kutoka Unguja akiwa mwari, ameshazika wenyeviti wawili wa kiume, na mjukuu wake Zayd ndiye kipa wa Tende.

"Mie huyo kijana simchukii," alisema. "Ana adabu, ana salamu. Lakini mjukuu wangu kafanywa kichekesho cha mji. Nyie wapi mlipoona kipa anapiga chenga? Kipa kazi yake kudaka. Zayd anatoka golini na mpira mguuni kama anakwenda dukani kununua mkate, akigeuka nyuma keshafungwa."

"Shosho, huo ndio mpira wa kisasa," alisema Ronny.

"Basi nirudishieni wa zamani."

Ronny alijua ameshindwa, lakini alikuwa na swali moja la kufia nalo. "Sawa. Mkimtoa, nani ataingia?"

Hilo halikuwa limemjia mtu yeyote. Walitazamana, wakatazama vikombe, kisha macho yakaanza kusogea taratibu kuelekea kwa mtu pekee aliyekuwa bado amesimama. Marwan alitambua amechelewa kukaa.

"Mimi?"

"Si wewe ujuaye yote?" alisema Bi Kuruthum.

"Inshallah," alisema Marwan, kwa sauti ya mtu anayepokea habari za msiba.

Ikapigwa kura. Mikono ikapanda. Ronny aliifunga yake kifuani. Mkono wa Thuwein ulipanda mpaka sikioni, ukakuna sikio, ukashuka. Ulihesabiwa.

Ikabaki namna ya kumwambia. Mashabiki ndio waliogharimia jezi, basi na uwanja wa mazoezi, kwa hiyo Dokta Aseel alikuwa ameshawaambia: mtakaloamua nitalitia saini, lakini nendeni mkamweleze wenyewe kwanza, mimi siwezi kumshtukiza mtu kwa karatasi. Marwan, ambaye ghafla hakuwa na haraka tena ya jambo lolote, alipendekeza apelekewe ujumbe wa simu.

"Ujumbe?" Bi Kuruthum aliushika moyo. "Kwani huyo ni mleta chakula aliyechelewesha biriani? Mtu huachwa kwa heshima. Tutakwenda kwake, na sinia, na halua, na kanzu ya kumuaga. Na ndoa ikiharibika, jamani, nani huitwa?"

 Vichwa vyote viligeukia friji ya soda.

"Thuwein, mwanangu," alisema Bi Kuruthum kwa upole wa kutisha, "wewe ndiye mshenga. Wewe uliyeposa ndiwe utakayesema."

Ronny alipoulizwa kama naye atakwenda, alisema yeye haendi kumzika mtu anayepumua.

Jumapili alasiri gari la Marwan lilitoka Deira likielekea Dubai Investments Park, likiwa na mwenyekiti mbele, mshenga nyuma, na sinia kwenye mapaja ya mshenga. Sinia lilifunikwa kwa kitambaa cha kudarizi. Chini yake mlikuwa na halua, dele la kahawa na kanzu mpya iliyokunjwa vizuri. Thuwein alihisi amepakata jeneza.

"Fanya tukusikie," alisema Bi Kuruthum.

Thuwein alisafisha koo. "Kocha, kila safari ina mwisho wake, na kila nafsi..."

"Hiyo ya matanga," alisema Marwan.

"Kocha, wewe na sisi tumeishi vizuri, lakini kheri ya mja haijulikani iko wapi..."

"Hiyo ya talaka," alisema Bi Kuruthum. "Lakini ipo karibu karibu. Endelea nayo."

 Marwan, yeye fundi wa viyoyozi, alikuwa akitokwa na jasho ndani ya gari lililopoa kama bucha. Walipopita maghala ya kwanza aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za hewa, "Bibi, hivi mazoezi yao huanza saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na Jumamosi mechi."

Marwan akakosa njia ya kuingilia, akalazimika kuzunguka.

Annah ndiye aliyewafungulia. Harufu ya chapati iliwapokea kabla yake. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimefichwa nyuma ya pazia jipya la maua, nyavu za mipira zimetundikwa ukutani, na mezani vifuniko vya soda vimepangwa kama timu uwanjani, kimoja kikiwa mbali kabisa na wenzake upande wa nyuma. Bi Kuruthum alikitambua mara moja. Alikuwa Zayd, ametoka golini.

Onesmus aliinuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, na bado amevaa shati jeupe la kanisani. "Mwenyekiti mwenyewe! Sir Thuwein! Karibuni, karibuni sana." Tangu enzi za ulinzi hakuacha kumwita Thuwein hivyo, na Thuwein hakuwahi kuona jina hilo likiwa zito kama siku hiyo.

Wakaketi. Chai ikamiminwa. Sinia likawekwa mezani pamoja na kitambaa chake, kila mtu akilitazama na hakuna aliyelitaja. Bi Kuruthum alimfinya Thuwein kwenye mkono, finyo la wakati wa kazi.

"Kocha," alisema Thuwein.

"Ndiyo, Sir."

Annah alipita na sahani. Alikuwa amevaa kanga safi juu ya gauni, na alipoinama kuweka chapati alilivuta pazia kidogo ili wageni wasione kitanda, kama mwenye nyumba anayejivunia nyumba yake.  Kheri ya mja ikampotea Thuwein, na safari yenye mwisho nayo ikapotea. Akafanya lile afanyalo mwanafunzi karatasi za mtihani zinapogawiwa, akaomba ruhusa ya kutoka, kwa namna yake.

"Kocha," alisema, "kwani siku hizi hamwombi kwanza?"

Kwenye meza ya ulinzi, miaka ile, Onesmus hakunywa hata soda bila kufumba macho. Thuwein aliijua tabia hiyo, na alijua pia kwamba maombi hayo hayakuwa mafupi. Alichotaka ni dakika chache tu za kupumua.

Uso wa kocha uling'aa. "Nilikuwa nataka, Sir, ila nikaogopa kuwakosea. Nyinyi ni Waislamu."

"Nyumba ya mtu na ada zake, mwanangu," alisema Bi Kuruthum, ambaye hakuwahi kukosa adabu ugenini. "Omba."

Onesmus na Annah wakafumba macho. Bi Kuruthum naye akafumba, akafungua viganja mapajani, kama afanyavyo kila dua inaposomwa, na wanaume wawili wakamfuata. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia Mungu akiombwa mbele yake bila kuitikia. Ulimi wake ulifunguka wenyewe, kama milango ya vioo ya maduka makubwa mtu anapoikaribia.

"Baba," alisema Onesmus, "tunakushukuru kwa siku hii."

"Amin," alisema Bi Kuruthum.

Kocha alishukuru kwa chai, kwa unga, kwa aliyelima ngano, kwa dereva na barabara. Chai ikaanza kupoa. Kisha sauti ikashuka.

"Baba, wewe unajua wiki hii nimesikia nini. Nimeambiwa watu wamekaa Al Rigga wanataka kunitoa. Sikulala, Baba. Nikamwambia Annah, kama ni kweli, hakuna hata mmoja wao atakayekanyaga hapa. Watanitumia ujumbe tu. Lakini leo umewaleta kwa miguu yao, tena na sinia mkononi. Ni nani angefanya hivyo kama si watu wanaonipenda?"

Marwan alifungua jicho moja. Likakutana na jicho moja la Thuwein. Yote mawili yakafumbwa haraka.

"Umpe mama huyu afya na maisha marefu."

"Amin."

"Umpe kijana wetu Zayd moyo wa simba, na miguu isiyoteleza."

"Amin!" Hii ilitoka kwa nguvu zote za bibi.

"Na utujalie, Baba, tumalize msimu huu pamoja, mimi na watu hawa, mpaka mechi ya mwisho."

"Amin," alisema Bi Kuruthum.

Kisha akafumbua macho. Aliyatoa makubwa, akatazama dari, kama anayeitafuta ile amin aishike mguu kabla haijatoka dirishani. Ilikuwa imekwenda.

"Amin!" alisema Marwan, kwa bidii iliyomshangaza kila mtu, hata yeye mwenyewe.

Thuwein alikuwa wa mwisho. Aliisema polepole, na tangu ajifunze kusali hakumbuki kama aliwahi kuisema nyingine kwa moyo mweupe kama ule.

Onesmus alifuta macho kwa mkono wa shati, akalifunua sinia. Alipoiona kanzu hakungoja. Aliivaa palepale juu ya shati la kanisani. Ilimfika katikati ya muundi, na Annah akacheka mpaka akaweka birika chini.

"Nitaivaa Jumamosi uwanjani," alisema kocha.

Marwan alikohoa, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao tu. "Bwana Thuwein, si ulikuwa na neno?"

Thuwein alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa akikata halua.

"Kunywa chai yako, Thuwein," alisema. "Neno limeshasemwa." Kisha akakielekezea kisu kile kifuniko cha soda kilichokuwa peke yake. "Ila wewe kocha, hebu nambie. Huyu mjukuu wangu kule anatafuta nini?"

Onesmus akavuta kiti, akaanza kusogeza vifuniko. Kipa akitoka, alieleza, adui mmoja humfuata, na adui akimfuata kipa, mwenzetu mmoja hubaki huru. Tatizo ni kwamba vijana bado hawajajua kumtafuta huyo aliye huru. Bi Kuruthum alisikiliza kichwa kikiwa upande. Alikisogeza kifuniko mwenyewe, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Kumbe kuna hesabu," alisema. "Basi mfundishe hizo chenga vizuri. Maana anazipiga vibaya, aibu."

"Tunajenga, Mama."

"Haya, jengeni. Lakini haraka."

Kwenye ngazi, wakiteremka na sinia tupu, Marwan aliona wajibu wa kulalamika. "Bibi, kura ilipigwa. Baraza zima liliamua."

"Niliitikia amin," alisema Bi Kuruthum. "Wewe hukuitikia?"

"Niliitikia kwa mazoea."

"Ulipiga kelele, mwanangu, mpaka nilishtuka. Utamwomba Mungu saa kumi amweke mtu, saa kumi na moja ukamfukuze? Utasimama wapi?"

"Lakini Bibi, dua yenyewe aliisoma yeye..."

"Aliyeombwa nani? Mwamuzi wa pembeni?"

 Marwan alifungua milango ya gari akipiga mluzi. Kisha akakumbuka, akamgeukia Thuwein kwa macho makali. "Wewe! Ulijua. Ulimchokoza aombe makusudi."

"Wallahi nilikuwa naogopa tu," alisema Thuwein.

Ilikuwa kweli, ingawa wiki nzima iliyofuata, kila aliyeingia dukani kwake Al Ras alimpa mkono kama mtu aliyepanga vita na kuvishinda, na Thuwein hakuona haja ya kumsahihisha mteja.

Simu ya Dokta Aseel ilimkuta Thuwein wakiwa bado njiani kurudi.

"Mmekwenda?"

"Tumekwenda, Dokta."

"Amelia?"

"Amelia."

"Maskini. Basi anaondoka lini?"

"Haondoki," alisema Thuwein. "Bi Kuruthum ameshamwombea abaki."

 Upande wa pili zikasikika pumzi ndefu, kama za mtu aliyevua viatu vinavyobana. "Alhamdulillahi," alisema Dokta Aseel. "Tangu Ijumaa silali nikimfikiria Marwan kwenye benchi."

Marwan aliyasikia, simu ilikuwa na sauti kubwa. Hakukasirika hata kidogo.

Jumamosi mashabiki walijaa. Kocha alisimama kando ya uwanja na kanzu yake fupi. Upande wa pili wakaanza wimbo wao, "Tende zimeiva," na Ronny, kabla haujafika katikati, akaupigia ngoma na kuujibu, "Tunajenga!" Watu wote wakadakia, hata Marwan, ambaye alilipaza neno hilo kuliko yeyote.

Mechi ilikaribia kwisha bila bao. Hapo Zayd akatoka golini na mpira mguuni. Jukwaa likashika vichwa. Bi Kuruthum akafungua viganja. Adui mmoja alimkimbilia, kisha wa pili, na Zayd akauvuta mpira, akawaacha wanateleza, akainua kichwa kumtafuta aliye huru. Akamwona. Pasi ikaenda, winga akakimbia nayo, akapiga, mpira ukagonga mwamba ukarudi uwanjani, na filimbi ikalia.

Sare tasa, na safari hii wapinzani walikuwa wamefika wote. Mashabiki wa Tende walishangilia kama waliokabidhiwa kombe, na wapinzani wakabaki wanaulizana wamekosea wapi.

Thuwein alikuwa amekaa safu ya mbele, mbali na friji ya soda. Annah alikuja akaketi kando yake na chapati zilizofungwa kwa karatasi, akamkatia nusu. Thuwein alikuwa ameshafungua mdomo aume, akamwona Annah amefumba macho. Akashusha chapati, akangoja. Alijua maombi hayatakuwa mafupi.